Mbwa wa jirani anachimba chini ya ua: soma shimo kabla ya kulifukia

Usilifukie shimo bado. Naijua hasira ya asubuhi ile, unapofungua mlango wa nyuma na kukuta manyoya yametapakaa kwenye sukumawiki, na chini ya ua kuna tundu la kupitisha debe. Mkono unakimbilia jembe wenyewe. Lakini shimo hilo ndilo linaloweza kukuambia mbwa alifuata nini, na ukilifukia sasa hivi, kesho utalikuta limefunguka hatua mbili kando na hutakuwa umejua lolote zaidi ya jana.

Ninaishi Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru, kwenye ploti ya robo ekari yenye ua wa waya kwa nyuma na michongoma kwa pembeni. Kwa miezi minne nilipambana na mbwa wa jirani yangu. Nilinunua mawe, nikanunua pilipili, nikaita fundi akashindilia mabati, na kuku wakaendelea kupungua. Nilikuwa natibu ugonjwa ambao sikuupima. Tangu nilipouelewa, nimekaa na ndugu na marafiki kule Kisumu na Kakamega tukasoma mashimo yao, na karibu kila mara jibu limo shimoni. Mbwa ana anachokifuata, au ana anachokikimbia, na kila sababu ina shimo lake.

Ni mbwa kweli?

Anza hapa, kwa sababu ugomvi mwingi wa majirani umeanza kwa mnyama ambaye hakuwa mbwa.

Jioni, chukua majivu ya jiko yaliyopoa kabisa, uyachekeche kwa chekeche la unga, uyatandaze mbele ya shimo upande wako, eneo la upana wa gunia. Asubuhi nenda mapema, kabla kuku hawajafunguliwa, upige magoti. Mguu wa mbwa unaacha vidole vinne na kiganja, na mbele ya kila kidole kuna kidoti cha kucha. Paka naye ana vidole vinne, lakini kucha hazionekani kwa kuwa huzirudisha ndani anapotembea. Nguchiro ni mdogo, na tundu analopitia haliwi kubwa kuliko ngumi ya mtu mzima. Huyu anataka mayai na vifaranga. Ukiona viazi au mihogo imetafunwa na mwiba mweusi na mweupe umeanguka, huyo ni nungunungu. Ukiona mbao za banda zimepasuliwa kana kwamba kwa shoka, fikiria nyegere. Kule Kisumu, karibu na ziwa na mito, kenge hupita mchana kutafuta mayai, na mkia wake huacha mstari katikati ya nyayo.

Kwa sisi tulio karibu na Hifadhi ya Ziwa Nakuru, yupo pia fisi. Nyayo zake zinafanana na za mbwa mkubwa, ila za mbele ni kubwa wazi kuliko za nyuma. Hapo usitege kitu wala usimsubiri na rungu, wapigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kwa nguchiro na kenge, tiba ni kuziba banda lenyewe vizuri.

Majivu yakionyesha mbwa, sasa tuendelee.

Udongo umelala upande gani?

Mbwa huchimba kwa miguu ya mbele na kuurusha udongo nyuma, kati ya miguu yake. Kwa hiyo rundo hubaki upande alioanzia. Rundo likiwa kwa jirani, mbwa ametoka kwa jirani. Rundo likiwa kwako, basi ni mbwa wako mwenyewe anayetaka kutoka, au ni wa jirani aliyeingia kwa njia nyingine, labda langoni, akajikuta amefungiwa ndani na kuchimba ili arudi kwao. Hali hiyo ya pili niliikuta kwa binamu yangu Mamboleo, Kisumu. Alikuwa ameshaimarisha ua wote wa nyuma wakati tatizo lilikuwa lango la mbele lisilogusa chini.

Mimi sikuwahi kuliangalia rundo, kwa kuwa nililiona tundu la upande wangu tu. Siku ya Jumapili, baada ya kanisa, nilikwenda kwa mzee jirani. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima. Nilipomkuta anapalilia vitunguu, yakanitoka mengine: "Mzee, naomba uje unisaidie kuona kitu hapa nyuma."

Akaja na fimbo yake. Alichuchumaa upande wake wa waya, akaingiza vidole kwenye rundo la udongo, akaufinya. Ulikuwa bado na unyevu.

"Huyu ni wangu," akasema. "Ameanzia huku. Lakini mama, mbona hapa tu? Ua wote huu, hatua hamsini, yeye anachagua hapa?"

Swali hilo sikuwahi kujiuliza. Alisimama, akanyoosha fimbo kutoka shimoni kuelekea kwangu, moja kwa moja, kama mtu anayepima shamba. Fimbo ilionyesha shimo langu la mbolea.

Shimo moja, mahali pamoja, na linaelekea kitu

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na chanzo chake ni chakula. Simama juu ya shimo, uangalie linaelekea wapi. Mbwa haendi kombo anapofuata harufu. Hupenya mahali ua unapokaribiana na hicho anachokitaka, au pale upepo wa usiku unapompelekea harufu.

Kwangu ilikuwa hivi: maji niliyooshea omena nilikuwa nikiyamwaga kwenye mbolea kila jioni, na vifaranga waliokufa niliwafukia hapo hapo, kina cha futi moja, wakati mwingine pungufu. Kwa pua ya mbwa, hiyo futi moja ya udongo wetu mwepesi ni kama kitambaa kilichofunika sahani. Alikuja kwa ajili ya mbolea. Kuku aliwakuta hapo, na baada ya kuonja wa kwanza hakuhitaji tena mbolea imuite.

Kila mahali pana chambo chake. Kisumu ni matumbo na magamba ya samaki, na mifupa ya mgongo wazi, yaani samaki aliyeondolewa minofu, inayobaki baada ya mlo na kutupwa nyuma ya jikoni. Kakamega na Bungoma nimekuta kondo la nyuma la ng'ombe limefukiwa kwenye shina la mgomba, au utumbo na manyoya ya kuku aliyechinjiwa wageni. Mbolea ya mifupa iliyosagwa ikiwekwa kwenye miche huvuta mbwa vilevile, na mtu hushangaa kwa nini parachichi lake linafukuliwa kila wiki.

Tiba ina pande mbili, na upande wa kwanza ni wako. Chochote chenye nyama, damu au samaki kisiingie kwenye mbolea ya wazi. Mzoga au kondo la nyuma lifukie kina cha futi tatu, mbali na ua, nyunyiza majivu, rudisha udongo nusu, laza mawe mazito, kisha malizia udongo. Maji ya samaki mwaga mahali tofauti tofauti au kwenye shimo lenye kifuniko. Banda la kuku lililokaa chini linyanyue liwe juu ya nguzo, futi mbili au tatu, ili hata akiingia asikute mlo kwenye usawa wa mdomo wake.

Upande wa pili ni wa jirani. Huku kwetu mbwa wengi hufungiwa kibandani mchana, hufunguliwa saa mbili au saa tatu usiku walinde. Uliza analishwa saa ngapi. Mjukuu wa mzee alikuwa anamfungua kwanza, kisha anaingia kula chakula chake cha jioni, na ugali wa mbwa unakuja mwisho, siku nyingine hauji. Kwa hiyo mnyama mwenye njaa alikuwa na saa nzima ya kuzunguka akinusa omena yangu. Walibadilisha wakawa wanamlisha ndani ya kibanda, anashiba, ndipo anafunguliwa. Pale penye mbolea hakurudi kuchimba tena.

Niseme ukweli hapa: kama mbwa ameshaua kuku zaidi ya mara moja, kuondoa chambo peke yake hakutoshi. Ameshajua malipo yako wapi. Itabidi uzibe chini ya ua, na njia ya kuziba ninaieleza mbele.

Mtaro mrefu unaopindapinda, vichuguu vya udongo mbichi karibu

Huyu anawinda fuko. Nakuru yote, kuanzia Bahati hadi Njoro na Molo, fuko ni wengi, na ukipanda karoti, viazi au majani ya napia karibu na ua umewakaribisha. Fuko huacha vichuguu vya udongo laini bila tundu la wazi, kwa sababu huziba mlango nyuma yake. Mbwa anamsikia akitafuna mizizi, anafuata njia yake kwa kucha, na njia ya fuko haijui mpaka wa ploti. Utaona shimo limeanza kwa jirani, limepita chini ya waya, limekatiza tuta lako la karoti, likaishia hewani.

Kumlaumu mbwa hapa hakuzai chochote. Tega fuko. Wako vijana wanaoifanya kazi hiyo kwa fimbo iliyopindwa na kitanzi cha waya, nao hulipwa kwa kila fuko anayenaswa. Mkilipa nyinyi wawili mnamaliza pande zote. Usiweke dawa ya sumu njiani mwa fuko. Mbwa atamfukua fuko aliyekufa na kumla, kisha utakuwa na kesi nyingine kabisa.

Mashimo mengi usiku mmoja, nyayo za saizi tofauti

Kuna jike aliye kwenye joto, kwako au jirani. Kipindi hicho huchukua takriban wiki tatu na hurudi karibu mara mbili kwa mwaka, na madume watatoka hata mtaa wa tatu. Angalia kama kuna alama ya mkojo kwenye nguzo. Wataiacha kila mmoja juu ya mwingine. Ikiwa jike ni wako, mfungie mahali penye sakafu ya saruji na mlango wa kufungwa hadi wiki tatu ziishe. Usimfunge kwa mnyororo nje, kwa sababu mnyororo unamzuia yeye tu, madume hauwazuii. Tiba ya kudumu ni kumfunga kizazi kwa daktari wa mifugo. Dume wa jirani akihasiwa pia atatulia, ingawa hilo ni la mwenyewe kuamua.

Jike mwenye mimba naye huchimba, lakini shimo lake ni kama chumba: liko chini ya stoo au chini ya mabati yaliyoegemezwa, limeingia ndani, limelainishwa. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Mwambie jirani amwandalie boksi au kona kavu yenye gunia, na uchimbaji utahamia huko.

Shimo pana kama sinia, halina kina, liko kivulini

Anatafuta ubaridi. Kisumu Januari na Februari utayaona haya chini ya kila ua wenye kivuli. Mara nyingi hata hajanuia kupita. Kivuli kiko upande wa ua wako, basi analala hapo, na akilala kila siku ardhi inashuka mpaka waya unaning'inia. Maji safi na kivuli cha makuti au mabati kando ya kibanda chake humaliza jambo.

Kona, meno kwenye waya, kelele za mchana

Mbwa anayechimba mchana akilia, hasa wenyewe wakiwa kazini, anataka kutoka. Waya umekunjwa kwa meno, na mashimo yako kwenye kona au kando ya lango, kwa kuwa ndiko aonako watu wakipita. Wengine wamefungwa tangu walipokuwa watoto na hawajui kingine. Wengine wanaogopa radi: huko Kakamega, ambako mvua ya alasiri huja na ngurumo, nimeona mbwa mpole kabisa akipekecha chini ya ua mpaka kucha zinatoka damu, na mvua ikiisha anatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama mashimo yako yanalingana na siku za radi, mwenye mbwa amfungie ndani ya stoo au jikoni mawingu yakianza kukusanyika. Kwa mpweke, kumtembeza asubuhi kwa nusu saa kunafaa kuliko tofali lolote.

Sasa ziba

Ukijua sababu, ndipo unazungumza habari ya waya. Kitu kinachoshinda mbwa chini ya ua ni wavu uliolazwa mfano wa herufi L: sehemu imefungwa kwenye ua, sehemu imelala ardhini kuelekea anakotokea mchimbaji. Mbwa huanza kuchimba pale pale ua unapogusa ardhi. Akikuta wavu chini ya kucha, anajaribu tena hapo hapo, anashindwa. Hapati wazo la kurudi nyuma futi mbili ili aanzie huko.

Kwa hiyo wavu unatakiwa ulale upande wa jirani, na hii ndiyo sababu nasisitiza uende kwake ukiwa na maneno mazuri. Mzee aliponiruhusu kuingia kwake na wavu wangu, kazi ilikwisha kwa siku mbili. Jirani akikataa, unaweza kuulaza upande wako: mbwa atapita chini ya ua, ataibuka na kukutana na wavu juu ya kichwa. Inafaa, lakini sharti wavu uwe mpana zaidi, futi tatu, na uwe na mawe juu yake, la sivyo ataunyanyua kwa mabega.

Tumia wavu wa kuchomelewa wenye matundu ya inchi mbili au pungufu, au ule wa kuanikia kahawa, ambao wengi wetu tunao kwenye mabanda ya sungura. Waya wa kuku ni mwembamba. Unashika kutu msimu mmoja na meno yanaukata. Ule waya wa almasi wa fensi ukiukata unajifungua wenyewe, kwa hiyo usiukate vipande. Chukua wavu wa futi tatu upana, kunja futi moja isimame, futi mbili zilale. Ile iliyosimama ifunge kwenye ua kwa waya wa kufungia, kila shibiri moja. Vipande vipandane angalau inchi sita, kwa maana mbwa atatafuta maungio kama maji yanavyotafuta ufa. Kata nondo nyembamba urefu wa futi moja, zikunje kichwa mfano wa mkongojo, uzipigilie kushikilia wavu chini kila hatua moja. Kwaruza udongo juu yake kidogo, panda nyasi. Baada ya mvua mbili huuoni tena.

Kwa udongo wetu wa Nakuru, ulio mwepesi na wa majivu ya volkano, zingatia maji. Mstari wa mawe uliopangwa chini ya ua unaonekana imara Februari, na mvua za masika zikija kati ya Machi na Mei, maji yanakwangua udongo chini ya mawe, mawe yanalala upande, na njia iko wazi. Hivyo ndivyo mawe yangu yalivyokwenda. Kama umeamua mawe, chimba mpaka ufike udongo mgumu, na uelekeze maji ya paa mbali na ua.

Nyanda za Kano na sehemu za chini za Kisumu zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukimwaga mkanda wa saruji chini ya ua huko, ardhi itauvunja. Wavu unapinda pamoja na ardhi, kwa hiyo unadumu. Wakati wa kiangazi pita ukiangalia nyufa, kwa maana nyufa zenyewe zinamwanzishia mbwa shimo.

Udongo mwekundu wa Kakamega unashika vizuri, ila mchwa wanakula nguzo. Nguzo ikilegea, ua wote unanyanyuka mbwa akisukuma, na wewe unadhani amechimba. Tikisa kila nguzo kwa mkono kabla ya kununua chochote.

Michongoma nayo ina tabia yake: juu inafunga kabisa, chini inakuwa tupu kwa kukosa jua. Yale matawi ya miiba unayopunguza juu, yasokote chini kwenye mapengo, uyafunge kwa waya. Miiba mikavu inachoma kuliko mibichi.

Mabati yaliyoshindiliwa ardhini siyapendi. Yanaoza kwenye mstari wa udongo, na ukingo wake unakata miguu ya mbwa, ya kuku na ya mtoto anayekimbilia mpira.

Ulivyoambiwa ufanye

Pilipili, inakwenda na mvua ya kwanza. Oili chafu ya gari inaua udongo na kufika kisimani. Nafthalini, zile tembe nyeupe za nguo, ni sumu kwa mbwa na kwa mtoto anayezidhania peremende. Vigae vya chupa nimeona watu wakivifukia shimoni; mbwa mwenye mguu uliochanika anarudi usiku huo huo, na wewe umemuumiza mnyama bure. Kinyesi cha mbwa mwenyewe kikirudishwa ndani ya shimo lake huwachukiza wengine wasirudi hapo hapo, lakini wanaanza jipya kando.

Na sumu: nakuomba usifanye. Nimemwona mbwa aliyelishwa nyama yenye dawa ya shambani. Alichukua muda mrefu kufa na watoto wa mwenyewe walikuwa wanaangalia. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inahesabu kumpa mnyama sumu bila sababu ya haki kuwa kosa. Zaidi ya hapo, kuku wa mtu wa tatu atadonoa mabaki, na kunguru atayadondosha kwenye tangi la maji.

Jirani asiposikia

Nenda mara mbili peke yako kabla ya kwenda na mtu. Piga picha za shimo zenye rundo la udongo likionekana upande wake, na picha za nyayo kwenye majivu, kwa sababu bila hizo ni neno lako na lake. Kisha mpitie mwenyekiti wa Nyumba Kumi, ule mpango wa usalama wa majirani, halafu chifu au naibu wake. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inaweka udhibiti wa wanyama pamoja na leseni za mbwa mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hiyo ofisi ya mifugo ya kaunti ndiyo mahali pa kupeleka lalamiko la mbwa anayezurura. Gharama ya kuku waliouawa isuluhishwe barazani ikiwezekana. Mzee alinilipa majike wawili wanaotaga, na mimi nikanunua wavu.

Kabla ya kumkaribia mbwa yeyote

Uliza kama amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Chanjo huanza umri wa miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, na kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kaunti nyingi huchanja bila malipo. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayedondosha mate, anayeuma waya na mawe bila kufuata chochote, sauti ikiwa imekwama, usimkaribie wala usijaribu kumfungia. Ondoa watoto uani, uite ofisi ya mifugo. Akimuuma au kumparura mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili za ugonjwa zikishaanza kwa mtu, tiba hakuna.

Wiki mbili za kwanza

Baada ya kulaza wavu mbwa atakujaribu. Tembea kando ya ua kila asubuhi, polepole, ukiangalia maungio ya wavu, kona, na nguzo za pembeni. Ukikuta amekwaruza, usiongeze udongo peke yake: vuta wavu ukaze, ongeza nondo mbili. Mbwa wa mzee alikwaruza usiku wa kwanza, wa tatu, na wa nne, kila mara hatua chache kushoto, mpaka akafika kwenye michongoma. Baada ya hapo majivu yangu yalibaki laini.

Mwisho wa mstari angalia lango. Pengo la chini ya lango lisizidi vidole vitatu. Kama ardhi imeliwa na magurudumu, pima upana, chimba shibiri moja, ulaze jiwe refu la machimbo kutoka nguzo hadi nguzo, kisha jaribu kwa kulifunga lango usiku na taa ikiwa upande wa pili. Pale mwanga unapopita kwa upana wa kiganja, mbwa naye atapata pa kuanzia.